Mhindi aliyenishinda kuongea Ekegusii

Jumapili moja mwezi Machi nilikuwa nje ya hekalu la Wahindu la Neasden, London, nimesimama kando ya kiti cha magurudumu kisicho na mtu. Bibi ninayemtunza hutembea kidogo akishikwa mkono, na binti yake alikuwa amemwingiza ndani kwa maombi. Nikapata kama nusu saa ya kupiga simu nyumbani. Baridi ilikuwa ya kukata masikio, kwa hivyo niliweka simu kwenye kiti, spika wazi, mikono nikaificha mifukoni. Mama alikuwa Nyamira akinieleza habari ya ng'ombe aliyekataa majani tangu juzi.

“Bwairire, moiseke.”

Niligeuka nikitafuta Mkisii. Hakukuwa na Mkisii. Kulikuwa na mzee wa Kihindi, kofia ya sufu imefunika masikio, mkongojo mkononi, anatabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama ni yeye aliyesema. Akarudia salamu, safari hii polepole, vile mtu humsemesha mtoto. Mama naye kwenye simu akauliza, “Ni nani huyo ananisalimia?”

Nilitaka kujua alivyotambua lugha. Akaniambia alisikia sauti ya mwanamke kwenye simu, na mimi namwita “baba”.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu: sisi Abagusii mama tunamwita “baba” na baba tunamwita “tata”. Nilichekwa sana kwa sababu ya hilo nilipojiunga na shule ya bweni na wasichana kutoka kaunti nyingine. Mzee huyu alisema hajawahi kusikia watu wengine wanaofanya hivyo, na kwamba alikuwa hajasikia neno hilo kwa maana hiyo kwa zaidi ya miaka 50.

Tuliongea hadi bibi yangu akatoka. Ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyeongea. Ekegusii changu ni kile cha vijana wengi wa rika langu: nasalimia, naagiza chakula, natukana kidogo, halafu naruka kwa Kiswahili. Chake kilikuwa cha magokoro wangu. Alitumia maneno ya sokoni na ya shambani ambayo nilikuwa nimeyasahau, na mengine sikuwa nimeyajua kamwe. Mara mbili alinisahihisha. Nilisimama pale, mtoto wa Nyamira, nikifundishwa lugha ya mama na Mhindi nje ya hekalu Uingereza, na sikujua kama nicheke ama niingie chini ya kile kiti.

Nilipomwambia natoka Nyamira alikunja uso. “Nyamira ni Kisii,” akasema. Nikamweleza kwamba siku hizi ni kaunti mbili, na kwamba hata kabla ya kaunti, Nyamira ilikuwa wilaya yake yenyewe tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuonekana kuridhika. Kwake bado ni Kisii moja, yenye vilima na mvua ya saa tisa alasiri.

Alizaliwa mwaka 1946 katika chumba cha nyuma ya duka, Kisii mjini. Baba yake alitoka Gujarat akiwa kijana, akashuka Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Kendu Bay, kisha akapanda mlima na mzigo wake hadi Kisii. Enzi hizo Kendu Bay ndiyo ilikuwa bandari yetu. Chumvi, blanketi, mafuta ya taa na majembe vilipitia pale kuja juu, na wimbi na ngozi vikateremka. Mimi nimepita Kendu Bay mara nyingi nikienda Kisumu na sijawahi kuwaza lolote isipokuwa samaki.

Shuleni tulifundishwa kwa mstari mmoja kwamba Wahindi waliletwa kujenga reli. Ni kweli Waingereza walileta vibarua kama 32,000 kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 wakafa kazini. Lakini wengi wa waliobaki hai walirudi kwao. Waliosalia ni kama 6,700. Wenye maduka ya miji midogo kama Kisii, wengi wao, walikuja wenyewe baadaye, kwa nauli zao, wakifuata mjomba au jirani aliyetangulia. Yaani walikuja vile mimi nilivyokuja Uingereza. Binamu yangu alitangulia, akanitumia jina la ajenti, tukauza kipande cha shamba, nikapanda ndege.

Na hawakuja jana. Septemba 1914, Wajerumani walipoingia Kisii wakitokea upande wa Tanganyika na Waingereza wakaukimbia mji kwa muda, watu wetu walishuka wakapora maduka ya wafanyabiashara na vituo vya misheni. Maduka hayo yalikuwepo tayari, miaka zaidi ya 110 iliyopita.

Nilimuuliza swali ambalo Mkenya yeyote angeuliza. “Mzee, kwenu hasa ni wapi?”

“Kisii,” akasema. “Na wewe?”

Nimelifikiria swali langu tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya niandike. Kwetu, mtu bila ocha ni kama mtu bila kichwa. Ukizaliwa Pipeline, ukasomea Pipeline, ukaolewa Pipeline, bado utaulizwa ocha yenu ni wapi, na jibu linalokubalika ni mahali babu yako amezikwa. Mhindi hana ocha. Aliye Mhindu huchoma wafu wake, na majivu huyamwaga mtoni au baharini. Kwa hivyo kwa hesabu zetu hata akae miaka mia atabaki mgeni anayefanya biashara.

Serikali nayo ilipiga hesabu hiyo hiyo, ila kwa karatasi. Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja aliyezaliwa Kenya alikuwa raia moja kwa moja. Wengine waliozaliwa hapa, kama mzee huyu, walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Wengi walisitasita. Walikuwa na pasipoti za Uingereza, wamesikia habari za Zanzibar ya Januari 1964, wakaamua kungoja waone. Muda ukaisha Desemba 1965. Baba yake alikuwa mmoja wa waliongoja. “Alikuwa mwoga,” mzee aliniambia bila kumtetea. “Na uoga wake ndio tulilipia.”

Mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Leseni za Biashara. Asiye raia akahitaji kibali cha kufanya kazi, na nje ya maeneo ya katikati ya miji mikubwa hakuruhusiwa kufanya biashara bila ruhusa maalum. Kisii haikuwa mji mkubwa. Familia ikauza bidhaa kwa bei ya hasara. Wakati huo Uingereza ilikuwa inapika sheria yake ya kuwafungia mlango watu wale wale wenye pasipoti zake. Iliharakishwa bungeni kwa siku tatu ikaanza kufanya kazi Machi 1, 1968, na baada ya hapo nafasi zikawa vocha 1,500 tu kwa mwaka. Mzee alisema Februari ile uwanja wa ndege wa Embakasi ulijaa kama stendi ya mabasi siku ya Krismasi. Alipanda ndege akiwa na umri wa miaka 22. Aprili mwaka huo huo mbunge Enoch Powell akatoa hotuba yake Birmingham dhidi ya wahamiaji, na mzee, aliyekuwa amefukuzwa Kisii kwa kuwa Mwingereza, akaanza kuambiwa barabarani arudi kwao kwa kuwa si Mwingereza.

Sasa, najua kuna msomaji ambaye tayari ameanza kuniandikia jibu. Amefanya kibarua Industrial Area, amelipwa pesa nane, ameitwa majina, amepekuliwa mfuko jioni kama mwizi. Simwambii anyamaze. Wakoloni walitupanga ngazi tatu, Mzungu juu, Mhindi katikati, sisi chini, na wengi waliokuwa katikati hawakuwa na haraka ya kuivunja ngazi hiyo. Walikuwepo akina Makhan Singh, aliyeunda vyama vya wafanyakazi akafungiwa kizuizini zaidi ya miaka kumi, na Pio Gama Pinto, aliyeuawa kwa risasi Nairobi Februari 1965. Lakini hao walikuwa wachache, na hatuwezi kuwatumia kila mara kama deodoranti.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeleta jambo hilo, sikumuuliza. Alisema pale dukani kulikuwa na kijana wa Kisii aliyemfundisha Ekegusii, aliyembeba mabegani kwenda mtoni. Kijana huyo alikuwa na kikombe chake cha bati kilichokaa dirishani. Mama yake mzee hakuruhusu kikombe hicho kuoshwa pamoja na vingine. “Sikuwahi kuuliza kwa nini,” akasema. “Nilidhani vikombe vya bati ndivyo alivyopenda.”

Nilikijua kikombe hicho. Katika nyumba moja ya Wazungu niliyofanyia kazi mwaka wangu wa kwanza huku, kulikuwa na kikombe changu chenye ufa, kwenye rafu yake. Sikumwambia. Niliangalia ukuta wa hekalu.

Na ukuta wenyewe ni wa kuangaliwa. Lilifunguliwa Agosti 1995. Mawe ya chokaa yalitoka Bulgaria na marumaru Italia, yakapelekwa India kuchongwa kwa mkono, kisha vipande zaidi ya 26,000 vikasafirishwa London na kuunganishwa. Wengi wa waumini waliochanga na kujitolea walikuwa Wagujarati waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, watu waliofika na sanduku moja. Mzee aligonga ukuta kwa mkongojo akasema jiwe hili ni gumu sana, la Tabaka ndilo jiwe la kweli, unalichonga kwa kisu kama sabuni. Ana kiboko mdogo wa jiwe la Tabaka juu ya televisheni yake. Aliubeba mfukoni 1968.

Hapa lazima niseme kuhusu mimi na wenzangu. Mwaka 2024, wakati vijana wa Kenya tulipinga mpango wa kampuni ya Adani kuhusu uwanja wa JKIA, nilikuwa kati ya waliopiga kelele mtandaoni kutoka huku. Rais aliufuta Novemba. Sijutii hata neno moja nililoandika kuhusu mkataba ule. Ninachojutia ni yale niliyoyagonga “like” nikipita. Kufikia wiki ya pili hatukuwa tena tunaongea kuhusu mkataba. Tulikuwa tunaongea kuhusu Wahindi, warudi kwao, na wengine walitaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mtaani kwao kana kwamba yeye ndiye Adani. Kampuni ya bilionea wa Gujarat na mjukuu wa mwenye duka wa Kisii vilitiwa gunia moja kwa sababu ya nywele.

Agosti ya mwaka huo huo, huku Uingereza, magenge yalikuwa yanavamia hoteli zenye wakimbizi na kupiga misikiti mawe. Sisi walezi tulitumiana kwenye WhatsApp majina ya mitaa ya kuepuka. Nilienda kazini usiku na kofia imeshuka hadi machoni. Nilikuwa na hasira sana na watu waliosema nirudi kwetu, na simu yangu ile ile, siku chache baadaye, ilikuwa na kidole changu kwenye maneno hayo hayo yakiwa yameelekezwa kwa mwingine.

Na sisi Abagusii ndio tungepaswa kuelewa haraka kuliko wote. Mwaka 1992, halafu 2008, ndugu zetu walifukuzwa mashamba na maduka yao Bonde la Ufa. Mpaka wa Borabu na Sotik uliwaka moto. Walioitwa madoadoa ni wajomba zetu, waliokuwa na hatimiliki, waliozaliwa huko, wenye watoto waliojua Kikalenjin. Waliambiwa warudi Kisii, na wengine hawakuwa na hata kibanda cha kurudia. Kila familia Nyamira ina mtu wa hadithi hiyo. Tunaisimulia kwa uchungu, na ni haki yetu. Lakini hiyo ya 1968 hatuisimulii, maana katika ile sisi ndio tulibaki na maduka.

Kwa upande wangu si methali. Babu yangu alikuwa na duka katika soko moja la Nyamira. Hadithi ya nyumbani ni fupi: “Sokoro alinunua kwa Mhindi.” Nimeisikia tangu utotoni ikisemwa kwa fahari, na fahari hiyo ina msingi, kwa sababu kabla ya hapo Mwafrika hakupata mkopo wala leseni ya maana, na babu alikuwa ameuza pareto miaka mingi akiweka akiba. Duka hilo lilimsomesha baba, baba akanisomesha. Sikuwahi kuuliza alinunua kwa pesa ngapi, mwaka gani, na yule Mhindi alikuwa ameshapewa barua ya kufunga ama la. Juzi nilimuuliza mama. Akasema kuna mizani ya zamani bado iko stoo, ilikuja na duka, ina maandishi ambayo hakuna anayeyajua.

Si duka la mzee wa Neasden. Lake lilikuwa Kisii mjini. Lakini kulikuwa na mtu.

Sisemi watu warudishiwe maduka. Mimi si mjinga, na jambo la Waafrika kuingia katika biashara zilizofungwa kwao lilikuwa la haki. Njia iliyotumika ndiyo nauliza. Wangeweza kuwapima watu kwa muda waliokaa, kodi waliyolipa na mahali walipozaliwa. Wakawapima kwa fomu ambayo baba mwoga hakuijaza, kisha mtoto wake akaondolewa katika mji pekee aliowahi kuujua. Sensa ya 1962 ilihesabu Waasia zaidi ya 176,000 Kenya. Ile ya 2019 ilihesabu Wakenya wa asili ya Kiasia takriban 47,000. Kati ya namba hizo mbili wako wafinyanzi wa miji yetu midogo, na hakuna jiwe hata moja Kisii lenye majina yao.

Julai 2017 serikali ilitangaza Waasia wa Kenya kuwa kabila la 44. Nilikuwa shule ya upili, tulicheka, mwalimu akauliza Chifu wao atakuwa nani. Leo naona lilikuwa jambo zuri lililofanywa kwa haraka, wiki chache kabla ya uchaguzi, kisha likaachwa hapo kwenye gazeti la serikali. Kabila halitengenezwi na tangazo. Ningependa kaunti zetu mbili, ambazo hazikosi pesa za sherehe, zitume vijana wenye simu tu wakarekodi wazee: mama za soko waliouza wimbi kwa hao wenye maduka, mafundi walioshona verandani pao, na familia chache za Kihindi ambazo hazikuondoka. Wako bado Kisii mjini, wanaongea Ekegusii na wateja kila siku, na bado tunawauliza walikuja lini. Waulizwe kitu kingine. Wazee hawa wanakwisha. Wa Neasden ana miaka 79 na kifua kinachokoroma.

Na sisi tulio majuu tusijidanganye. Minnesota, Massachusetts, huku Uingereza, tumejaa. Tunatunza wazee wa watu, tunachanga harambee, tunajenga nyumba za ghorofa Kisii ambazo hakuna anayelala ndani. Binamu yangu ana mtoto wa miaka sita aliyezaliwa hapa. Anaongea Kiingereza cha London, na Ekegusii hajui zaidi ya “baba”. Huyo naye siku moja ataulizwa kwake hasa ni wapi, na sitaki awe na jibu moja ambalo pande zote mbili zinalikataa. Tangu Machi 2024 walezi wapya hawaruhusiwi kuja na watoto wao, na tangu Julai 2025 mlango wa walezi kutoka nje umefungwa kabisa. Sheria hubadilika ukiwa zamu. Mzee alicheka nilipomweleza. Alisema yeye alipewa muda wa ndege moja.

Bibi yangu alipotoka alikuta tumeketi kwenye ukingo wa ukuta, mzee akimweleza mama kwenye simu namna ya kumpa ng'ombe maji ya magadi. Mama alikuwa anamwita “tata”. Binti ya bibi alituangalia kama watu wawili waliorukwa na akili.

Kabla hatujaachana aliomba kitu kimoja. Unga wa wimbi, ule wa kwetu, uliosagwa na mawele kidogo, kwa ajili ya uji. Wa madukani huku anasema hauna moshi. Mama ametuma kilo mbili kwa mtu aliyekuwa anakuja, na sasa ziko jikoni kwangu kwenye mfuko wa Kimbo uliooshwa. Jumapili ijayo ni zamu yangu tena ya kumleta bibi hekaluni. Nitambebea. Hilo la duka la babu, na ile mizani, bado sijaamua kama nitamwambia.